Kwamkoro Juu ya Meza

Miongoni mwa sanaa ndogo zifanywazo majumbani, ipo moja ambayo wahakiki hawajaipa nafasi yake, nayo ni sanaa ya kutengeneza mandhari ya gari moshi la mfano. Mwenye sanaa hii huchukua meza au ubao mpana, akatandika juu yake reli ambayo upana wake haupiti sana kidole kimoja, akaweka kichwa cha gari moshi na mabehewa yaliyopunguzwa kwa kipimo kimoja, kisha akaizungushia reli hiyo milima, mabonde, miti, madaraja na nyumba, mpaka mtazamaji ajione kama ndege aliyetua juu ya kilima na kuitazama nchi chini yake. Wengi huihesabu kazi hiyo kuwa mchezo tu, tena mchezo wa watu wenye nafasi. Lakini kila kazi idaiyo kufanana na nchi ya kweli hujiweka yenyewe chini ya hukumu ile ile wanayopewa mchoraji na mtunzi wa hadithi. Hadithi ikisema kwamba mambo yake yalitukia Tanga, msomaji wa Tanga ana haki ya kuuliza kama Tanga hiyo ndiyo aijuayo. Kadhalika mlima wa plasta ukiitwa Usambara, mtu wa Usambara ana haki ya kuusogelea na kuuliza.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba mifano midogo si jambo geni katika nchi za Waswahili. Watoto wa pwani wamechonga ngalawa ndogo na kuzishindanisha majini tangu zamani. Mtepe, chombo kile cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ulitoweka baharini kabla ya katikati ya karne ya 20. Na wengi waujuao umbo lake leo wanalijua kwa mifano midogo iliyowekwa katika makumbusho ya pwani. Mfano wa mtepe ulipoundwa, yamkini fundi hakudhani kwamba kazi ya mikono yake ingekuja kuwa shahidi. Chombo kikubwa kilipokwisha, kile kidogo kilibaki kusema. Basi mfano waweza kuanza kama pambo na kuishia kama ushahidi, na kitu kiwezacho kuwa ushahidi hakistahili kupuuzwa.

Bara nako kuna gari moshi la mtoto: makopo matupu ya samaki yaliyofungwa kwa kamba, moja nyuma ya jingine, yakivutwa mavumbini. Gari hilo halina mandhari ya kutengenezwa, wala halihitaji. Mtoto hutoa mlio wa moshi kwa kinywa chake, akakiita kichuguu kuwa mlima na dimbwi kuwa ziwa, na uwanja mzima ukamtii. Hapo mandhari hutengenezwa kwa maneno. Mtu mzima aingiapo katika sanaa hii hupoteza uhuru huo. Yeye hataki tena kichuguu kiitwe mlima. Ataka kiwe mlima machoni pa mtu ambaye hakuambiwa neno. Haja hiyo ndiyo mwanzo wa sanaa yake, na ndiyo mwanzo wa hatari yake pia, kwa kuwa jicho hudanganyika kwa wepesi kuliko sikio.

Katika nchi za ng'ambo sanaa hii imepata mabingwa, na wawili wafaa kutajwa kwa sababu walishika njia mbili zinazopingana. Wa kwanza ni John Allen wa Monterey, California. Reli yake, aliyoiita Gorre & Daphetid, ilipita katika nchi isiyokuwapo popote duniani. Milima yake ilitoka kichwani mwake. Hata hivyo, watu waliiona nchi hiyo kuwa ya kweli, kwa sababu Allen alitambua kwamba dunia si mpya. Alitia kutu katika mabati, masizi katika kuta, vumbi katika mabehewa, na ufa katika mbao. Akavifanya vitu vionekane vimetumika. Alifariki mwezi Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi yake.

Wa pili ni Roye England, mzaliwa wa Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925. Alikuta nyumba za kale za mashamba zikibadilishwa, mapaa yao ya nyasi yakiondolewa na vitu vipya vikiwekwa mahali pake. Aliona kwamba mashamba aliyoyapenda yangetoweka mbele ya macho ya wenyewe, wala wasitambue. Akaazimu kuyatunza kwa mifano. Makumbusho ya Pendon aliyoyaanzisha mwaka 1954 yaonyesha bonde moja la Uingereza kama lilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930. Nyumba zake ni nyumba zilizokuwapo, zilizopimwa na kunakiliwa, na moja yaweza kumchukua fundi miezi mingi.

Kwa lugha ya fasihi, Allen alikuwa mtunga hadithi na England alikuwa mwandishi wa tarehe. Isidhaniwe kwamba mmoja alisema uongo na mwingine ukweli. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliitunga Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, akaiweka nchi hiyo angani ambako hakuna awezaye kwenda. Lakini wasomaji waliwatambua watawala wake na mahakama yake. Nchi ya kubuni yaweza kuwa ya kweli ikiwa sababu za mambo yake ni za kweli. Kinyume chake, nchi iliyonakiliwa jani kwa jani yaweza kuwa ya uongo ikiwa sababu hizo zimefichwa. Hiki ndicho kipimo ambacho insha hii yakitumia, na mahali pa kukijaribia ni Kwamkoro.

Kwamkoro iko katika Usambara ya Mashariki, jirani na Amani, katika nchi ya mvua nyingi, ukungu na udongo mwekundu. Pana msitu uitwao kwa jina hilo, pana na mashamba ya chai. Mtu apendaye magari ya moshi hana budi kuvutwa na upande huo, kwa kuwa Usambara ndiyo iliyolea reli ya kwanza ya bara la Tanzania. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Tengeni, karibu na Muheza, palitoka tawi jembamba lililojengwa kwa ajili ya mbao, likapanda bonde la Mto Sigi kwa kilomita zipatazo 23 hadi Sigi, chini ya Amani, ambako Wajerumani walikuwa wameweka chuo chao cha uchunguzi wa mimea na kilimo mwaka 1902. Tawi hilo halipo tena. Nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Sigi ingali imesimama, na hutumika kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997. Stesheni imebaki, gari moshi limekwenda. Ni vigumu kupata mahali panapomwita fundi wa mifano kwa sauti kubwa kuliko hapo.

Lakini fundi akikubali wito huo, hesabu humkabili kabla ya gundi. Kipimo kinachotumiwa na wengi duniani ni cha moja kwa 87. Kwa kipimo hicho, kilomita 23 za Tengeni hadi Sigi ni mita 264 za meza. Hakuna nyumba yenye chumba cha namna hiyo. Kutoka Sigi hadi Amani mlima hupanda kwa mita zipatazo 450. Kwa kipimo kile ni mita tano na zaidi, yaani dari ingetobolewa na mlima ukatokea juu ya bati. Tena reli haikufika Kwamkoro. Iliishia chini ya mteremko. Atakaye kuonyesha msitu wa Kwamkoro na gari moshi la Sigi katika mtazamo mmoja lazima avute juu na chini vikaribiane, afute kona kumi na kubakiza mbili, na vilima vitano avifanye kimoja. Basi hata fundi mwenye uaminifu kama wa England hawezi kunakili yote. Lazima achague, na kuchagua ndiko kunakoonyesha fikira zake.

Kosa la kwanza la uchaguzi huonekana katika miti. Miti ya mifano iuzwayo madukani aghalabu huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, sawa na miti ya mita 9 hadi 13. Hiyo ni miti ya bustani. Katika msitu wa Usambara ya Mashariki, mtambara, mnyasa na msambu hukua kupita hapo kwa mbali. Mti wa mita 40 ungetaka sentimita 46 juu ya meza. Kichwa cha gari moshi chenye kimo cha mita tatu na nusu kingekuwa na sentimita nne tu. Mtu angekuwa na sentimita mbili. Fundi akiwa mwaminifu katika kipimo hiki, gari moshi lake zuri, lililomgharimu fedha nyingi, litapotea chini ya miti kama siafu chini ya majani. Wengi hawataki jambo hilo. Hupunguza miti ili gari lionekane, nao hawatambui wameamua nini. Wameifanya mashine kuwa bwana wa msitu. Picha hiyo ndiyo waliyoipenda wenye makampuni ya zamani: mashine kubwa, msitu mdogo, nchi iliyokwisha kushindwa. Msafiri wa behewani alijua vingine. Aliona ukuta wa kijani unaozuia mwanga, na mashine ndogo ikihema pembeni mwake. Hapa sentimita 30 za urefu wa mti ni tofauti ya maana, wala si tofauti ya kipimo peke yake.

Hata hivyo msitu una fadhila moja kwa fundi. Hana haja ya kuutengeneza wote. Mtu aliye nje ya msitu huona ukingo wake tu: majani yaliyoshuka mpaka chini kwa sababu mwanga unayafikia, mizizi mipana kama mbao iliyoshikilia shina, kamba za mimea zilizoning'inia, na nyuma yake giza. Mafundi wasiojua hupanda miti kwa nafasi sawa kama mihogo shambani, kila mti ukionekana kutoka juu hadi chini. Fundi ajuaye hutengeneza safu moja nene mbele, akaacha giza nyuma yake, na milima ya mbali akaichora ukutani kwa rangi iliyofifia kuelekea kijivu, maana ukungu wa Usambara hauwezi kuwekwa mezani, lakini kazi yake ya kufifisha yaweza kuigwa.

Kuhusu vifaa, Usambara na nchi iliyo chini yake zina utajiri ambao mafundi wa ng'ambo huununua. Mifupa ya mlima ni mbao na wavu wa kuku. Nyama yake ni magazeti yaliyolowekwa katika uji wa ngano na kutandazwa tabaka kwa tabaka. Ngozi yake ni plasta nyembamba, na juu ya plasta udongo wenyewe, uliokaushwa, ukapondwa na kuchungwa. Hakuna rangi ya duka iwezayo kushinda udongo wa Kwamkoro katika kuonyesha udongo wa Kwamkoro. Unga wa mbao uliotiwa rangi huwa majani mafupi. Dodoki kavu lililochambuliwa huwa matawi. Nyuzi za katani zilizokatwakatwa huwa nyasi ndefu. Majani ya chai, baada ya chai kunywewa na makapi kuanikwa, huwa takataka za chini ya msitu, na hakuna kitu kinachofanana nazo kama hayo.

Vifaa hivi si bubu. Katani ililetwa katika nchi hii na Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka ule ule ambao kazi ya reli ilianza Tanga. Mashamba yake yalienea kando ya reli, na reli ikapata mzigo kwa sababu yake. Fundi akatapo uzi wa katani kuufanya nyasi kandokando ya reli ya mfano, ameshika mkononi kimoja cha vitu vilivyoiweka reli ya kweli mahali pale. Chai nayo imetoka katika miteremko anayoiiga. Akijua hivyo, kazi yake hupata uzito ambao hauonekani kwa macho lakini huongoza mikono. Asipojua, katani ni nyasi tu na chai ni taka tu.

Shamba la chai lataka maneno yake pekee, kwa kuwa ni rahisi mno. Michai hupogolewa iwe sawa juu, mchumaji apate kuifikia. Hivyo mteremko wa chai ni zulia lililokatwa na vijia. Fundi huhitaji sponji ya kijani, mkasi na saa mbili, na mtazamaji atasema mara moja, "Hii ni Usambara." Wepesi huo wapasa kumtia fundi shaka. Shamba la chai hufanana na mfano kwa sababu lenyewe ni mfano: nchi iliyokwisha kupimwa, kupangwa na kupunguzwa kuwa mti mmoja na rangi moja kabla fundi hajaigusa. Msitu hukataa kuigwa kwa sababu hakuna aliyeupanga. Kwa hiyo mfano wa Kwamkoro uliojaa chai na kuwa na msitu haba waweza kusifiwa kwa usafi wake, na huku umekwepa kazi ngumu na kuitukuza nyepesi. Mhakiki apaswa kutazama mpaka, pale chai inapokoma na msitu kuanza. Hapo ndipo historia ya mahali ilipofanyika kwa shoka, na hapo ndipo fundi aonyeshe kama ameielewa.

Baada ya mahali yaja zama. Mfano wa Pendon una nguvu kwa sababu umechagua miaka yake na kuishika. Mifano mingi haina mwaka. Ina "zamani" tu, na zamani hiyo ni mfuko unaopokea kila kitu. Katika Usambara mfuko huo hutoboka upesi. Chai ilijaribiwa Amani katika zama za Wajerumani, lakini kilimo chake cha biashara katika Tanganyika kilianza miaka ya 1920. Atakayepitisha gari moshi la Sigi la mwaka 1910 katikati ya zulia la chai lililokomaa amechanganya mambo ya babu na ya mjukuu. Zaidi ya hayo upo mti uitwao kitaalamu Maesopsis eminii, ambao Wasambaa huuita muhesi. Mti huo si wa asili ya Usambara; uliletwa Amani karibu na mwaka 1913. Baadaye, hasa msitu ulipofunguliwa kwa ukataji wa mbao, ulienea kwa nguvu. Kwamkoro ilikatwa kwa mashine katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo muhesi ni mmoja wa miti inayoonekana sana huko. Fundi aendaye Kwamkoro leo kupiga picha za msitu, akarudi nyumbani na kunakili kila tawi kwa uaminifu, kisha akaweka gari moshi la mwaka 1910 mbele yake, ametengeneza msitu ambao haukuwapo. Kila jani ni sahihi na msitu wote ni kosa. Huu ni mfano mwema kwa wanafunzi wa fasihi pia, wadhanio kwamba kuongeza mambo madogo madogo ya kweli huifanya hadithi iwe ya kweli.

Limebaki jambo kubwa kuliko yote, nalo ni watu. Watu wa mifano wana kimo cha sentimita mbili, nao hununuliwa katika visanduku: abiria mwenye sanduku, mkuu wa stesheni mwenye kofia, mwanamke mwenye mwavuli. Katika mifano ya nchi za joto mara nyingi hata hao huachwa, msitu ukabaki mtupu na gari moshi likapita peke yake. Utupu huo huitwa uzuri wa asili. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Ardhi ya reli ilikatwa kwa majembe, mataruma yalibebwa mabegani, magogo yaliburutwa na watu kabla ya kuvutwa na mashine. Katika upande wa magharibi wa milima, wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, mwaka 1907 ilianzisha kadi za kazi zilizomlazimu mwanamume kumtumikia mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne. Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyokata miteremko inayosifiwa kwa uzuri. Mfano uwezao kuonyesha kutu ya behewa, wala usiweze kuonyesha mtu mmoja aliyeinama kuupakia mzigo, umechunga vumbi na kuacha chanzo chake.

Jina lenyewe la mahali latoa onyo. Kwamkoro, kama Kwamsambia na Kwamgumi zilizo katika milima ile ile, laanza kwa neno "kwa", neno la kuonyesha kwamba mahali ni pa mtu au pa kitu chenye jina. Haiwezekani mahali paitwe hivyo pasipo watu wa kupaita. Msitu wa Usambara umekuwa na njia, makaburi, mashamba ya iliki na migomba, na majina, kabla ya kupewa mipaka na ramani. Fundi aandikapo "Kwamkoro" katika kibao cha mfano wake, kisha akaondoa kila nyumba na kila njia, kibao kinampinga.

Kuna mfano mwingine wa Usambara uliotangulia wote, nao wafaa kuwa fundisho. Mwaka 1893, mwaka ule ule wa reli na katani, mtaalamu wa Kijerumani Hermann Wendland alilipa jina la kitaalamu ua dogo la buluu lililopatikana katika nchi ya Tanga na Usambara na Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Liliitwa Saintpaulia, na Wajerumani hata leo huliita kwa jina la Usambara. Ua hilo lilienea duniani. Limekaa katika vyungu madirishani mwa watu wasioweza kuionyesha Tanzania katika ramani. Kwao Usambara ni kitu cha kumwagiliwa maji mara moja kwa wiki. Na huku, katika miamba yenye kivuli na unyevu ambako ua hilo lilitoka, kivuli chenyewe kimepunguka, na maua ya porini yamekuwa machache. Nakala zimejaa, asili inapungua. Ndivyo vitu vidogo vipendwavyo viwezavyo kuwafanya watu wasahau kikubwa vilikotoka. Mlima wa mezani waweza kufanya vivyo hivyo: ukampendeza mwenyewe kiasi cha kumfanya asiuulize tena ule wa kweli.

Yuko atakayejibu kwamba haya ni mazito mno kwa mchezo wa nyumbani. Mtu amerudi kazini amechoka, ataka kukaa na gundi yake na kuona gari dogo likizunguka. Kwa nini adaiwe historia ya kazi za kulazimishwa na majina ya miti? Hoja hiyo ina haki yake. Atengenezaye nchi ya kubuni, isiyo na jina la mahali popote, na aicheze apendavyo; Allen alifanya hivyo, wala hakuna aliyedhulumiwa. Tena ni kweli kwamba furaha ya mkono ufanyao kazi ni kitu chema chenyewe. Deni huanza pale mtu anapoandika jina. Jina la mahali ni ahadi kwa watu wa mahali hapo, sawasawa na jina la mtu katika kitabu cha maisha yake. Wala ahadi hiyo si nzito sana kutimizwa. Haidai mita 264 za meza. Yataka miti iachwe irefuke, mwaka uchaguliwe na kushikwa, mpaka wa chai na msitu uonyeshwe ulivyo, na watu wawekwe mahali walipokuwa wakifanya walichokuwa wakifanya.

Wala haikupasa sanaa hii iachiwe wageni. Reli zenye upana wa kidole na vichwa vya gari moshi hutoka ng'ambo na bei yake ni kubwa, hilo halikataliki. Lakini mtoto wa makopo ya samaki alikwisha kuonyesha kwamba gari laweza kutoka popote. Mandhari ndiyo kazi yenyewe, na mandhari ya Usambara hupatikana Usambara: udongo, katani, dodoki, makapi ya chai, unga wa mbao kutoka kwa seremala. Shule moja ya Muheza au Lushoto yenye mwalimu mvumilivu ingeweza kutengeneza stesheni ya Sigi ya mwaka 1910, na katika kuitengeneza wanafunzi wangelazimika kwenda kuuliza wazee: mti gani ulikuwapo, njia ilipita wapi, nani alikaa hapa. Maswali hayo yana faida hata kama plasta itapasuka. Mwaka 2019, baada ya kusimama miaka mingi, treni ya abiria ilirudi Moshi kwa njia ile ya kale. Tawi la Sigi halitarajiwi kurudi. Likirudi, litarudi mezani tu.

Mfano huo ukikamilika, hakimu wake wa mwisho asiwe mpenzi wa magari ya moshi, kwa kuwa yeye atahesabu magurudumu. Aletwe mzee wa Kwamkoro. Atainama, atatazama mteremko, atafuata njia kwa kidole chake, na pale itakapoishia kwenye nyumba atauliza ni nyumba ya nani. Fundi awe na jibu.